Timu ya Nane

Tarehe 15 Mei 2021, kwenye uwanja wa FNB jijini Johannesburg, Simba walipigwa nne bila na Kaizer Chiefs katika mechi ya kwanza ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Wiki moja baadaye, Kwa Mkapa jijini Dar es Salaam, Simba wakajibu kwa tatu, mbili za John Bocco na moja ya Clatous Chama, wakatolewa kwa tofauti ya bao moja. Mechi ya marudiano ndiyo inayosimuliwa zaidi vijiweni, na inastahili, maana Simba walicheza kwa moyo wote. Lakini anayetaka kuielewa ligi yetu aanzie Johannesburg.

Kaizer Chiefs msimu ule walimaliza wa nane katika ligi ya Afrika Kusini, tena baada ya kuhangaika mpaka siku ya mwisho. Simba wao walikuwa njiani kuchukua ubingwa wa nne mfululizo, na kwenye makundi walikuwa wameongoza kwa pointi 13, mbele ya Al Ahly. Kinara wa kundi, bingwa wa Tanzania asiye na mpinzani nyumbani, akafungwa mabao manne na timu ambayo kwao kulikuwa na timu saba bora kuliko yenyewe. Timu hiyo ikaendelea mpaka fainali Casablanca, ambako Al Ahly waliifunga 3-0.

Ni kweli kwamba Chiefs si klabu ndogo. Ina fedha, ina jina na ina mashabiki kila kona ya nchi yake. Hata hivyo msimu ule ilikuwa inatumikia adhabu ya FIFA ya kutosajili, na kikosi chake kilikuwa kilekile kilichokuwa kinapoteza pointi kila wiki mbele ya timu ambazo wengi wetu hatuwezi kuzitaja majina. Kuna jambo lingine la kulitazama. Msimu huohuo Mamelodi Sundowns nao walichukua ubingwa wa Afrika Kusini kwa mara ya nne mfululizo. Ukitazama kileleni tu, ligi hizi mbili zilikuwa mapacha: kila moja ina mbabe wake, kila moja bingwa wake anajulikana mapema. Ukishuka mpaka nafasi ya nane, hazifanani kabisa.

Kila msimu unapokaribia kuisha, mjadala uleule hurudi redioni. Wapo wanaosema ligi yetu haina ladha kwa sababu ubingwa ni wa Simba au Yanga, na kwamba tungekuwa na mabingwa wa aina mbalimbali kiwango kingepanda. Wapo wanaowajibu kwamba bora tuwe na timu mbili zinazofika mbali Afrika kuliko timu kumi na sita zinazolingana kwa udhaifu. Pande zote mbili zinaamini kwamba ushindani na ubora viko kwenye mizani moja, kimoja kikipanda kingine kinashuka, na kazi yetu ni kuchagua. Naamini pande zote mbili zimekosea, na ushahidi uko kwenye historia ya ligi yenyewe.

Mawazo haya yamewashughulisha wachumi kwa miaka mingi. Mwaka 1956 Mmarekani Simon Rottenberg, akiandika kuhusu soko la wachezaji wa besiboli, alisema mtazamaji anavutwa na kutojua nani atashinda, hivyo timu zikitofautiana mno nguvu mapato yatapungua hata kwa mwenye nguvu. Mwaka 1964 Walter Neale akaliweka jambo hilo kwa mfano wa ngumi. Joe Louis, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, hakuwa na faida kubwa katika kupigana na watu dhaifu. Aliyempa heshima na fedha alikuwa Max Schmeling, Mjerumani aliyempiga mwaka 1936 na ambaye Louis alimrudi mwaka 1938. Bila Schmeling, Louis angekuwa bingwa anayepigana na kivuli. Hoja ya Rottenberg inagonga mwamba ikifika Kariakoo, kwa sababu shabiki wa Yanga hanunui tiketi ili aone matokeo yasiyotabirika. Ananunua aone Yanga inashinda, na ikishinda tano bila anarudi wiki ijayo na jirani yake. Hoja ya Neale ndiyo yenye uzito kwetu. Swali lake linahusu anayempiga bingwa ngumi, na ngumi hiyo ina nguvu kiasi gani.

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland, ambao mwaka 1971 walibadili jina wakawa Simba. Zamani ubingwa ulitembea. Cosmopolitan waliuchukua mwaka 1967, Mseto ya Morogoro mwaka 1975, Pan African mwaka 1982. Mwaka 1986 ukaenda Tukuyu Stars, kule Rungwe kwenye baridi na migomba, na mwaka 1988 ukaenda Tanga kwa Coastal Union. Majimaji ya Songea nayo iliwahi kuuonja ule wa Ligi ya Muungano. Nyuma ya timu nyingi za enzi hizo kulikuwa na shirika la umma, kiwanda au chama cha ushirika: mchezaji alikuwa mwajiriwa, analipwa mshahara wa kazi, anapewa ruhusa ya mazoezi. Mashirika yalipoyumba na kubinafsishwa, timu nyingi zilipoteza mlezi. Mtibwa Sugar, waliokuwa na kiwanda cha sukari mgongoni na uwanja wao wa Manungu katikati ya mashamba ya miwa huko Turiani, walichukua ubingwa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Tangu hapo, kwa robo karne, ni timu moja tu iliyowahi kuingia kati ya Simba na Yanga: Azam, msimu wa 2013/14, tena bila kufungwa mechi hata moja.

Kama ushindani wa kugombea ubingwa ndio unaozaa ubora, miaka ya themanini ingekuwa miaka yetu ya dhahabu. Lakini Taifa Stars walifuzu fainali za Mataifa ya Afrika mwaka 1980, kisha wakakaa nje mpaka mwaka 2019. Na kama ubabe ndio unaozaa ubora, basi kuanzia mwaka 2001 tungekuwa tunatisha Afrika nzima. Haikuwa hivyo. Kuna ushindi mtamu wa mwaka 2003, Simba walipoivua ubingwa Zamalek kwa penalti na kuingia hatua ya makundi. Baada ya hapo mara nyingi ilikuwa kutolewa raundi za awali, na kuna misimu ambayo Simba hawakucheza michuano ya Afrika kabisa. Wababe walikuwa walewale wawili, ila ubora haukuwepo.

Mabadiliko yalikuja baadaye, na yana sababu zake. Mohammed Dewji aliingia Simba kama mwekezaji, kampuni ya GSM ikasimama na Yanga, makocha wakaanza kuja na wasaidizi wao wote, na wachezaji kama Chama, Fiston Mayele na Stephane Aziz Ki wakaona Dar es Salaam ni mahali pa kujenga maisha ya soka. Simba walifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa msimu wa 2018/19, wakarudia 2020/21, 2022/23 na 2023/24. Yanga walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023, Simba wakaicheza mwaka 2025. Haya yalitokea ubingwa wa nyumbani ukiwa mikononi mwa walewale, kama ilivyokuwa katika ile miaka ya aibu. Kilichobadilika ni fedha na ujuzi, na vyote viliingia katika nyumba mbili tu.

Kenya wanatupa mfano wa upande wa pili. Kati ya 2007 na 2010 ligi yao ilitoa mabingwa wanne tofauti katika miaka minne: Tusker, Mathare United, Sofapaka, Ulinzi Stars. Sofapaka walichukua kombe wakiwa ndiyo kwanza wamepanda daraja. Kwa mpenda msisimko hiyo ilikuwa ligi ya ndoto, na fedha za televisheni ya SuperSport zilikuwa zimeanza kuingia. Lakini hakuna hata mmoja wa mabingwa hao aliyefika makundi ya Ligi ya Mabingwa. Walikuwa sawa, na kimo chao kilikuwa kifupi. Baadaye Gor Mahia wakatawala, ubingwa mara saba kati ya 2013 na 2020, na ndio waliofika robo fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019, ambako RS Berkane ya Morocco iliwafunga 2-0 Nairobi na 5-1 kwao. Mwaka huohuo kampuni ya kamari ya SportPesa ikaondoa udhamini wake baada ya mgogoro wa kodi na leseni, na klabu nyingi zikabaki na madeni ya mishahara. Hapo Gor mwenyewe hakuwa na wa kumsukuma, wala na fedha za kujisukuma.

Tukirudi kwetu, kwa nini timu zetu hugonga ukuta palepale, robo fainali au ugenini? Msimu wa 2018/19 unaeleza vizuri kuliko maelezo yoyote. Simba walikuwa kundi moja na Al Ahly, AS Vita ya Kinshasa na JS Saoura ya Algeria. Nyumbani walishinda zote tatu: 3-0 dhidi ya Saoura, 1-0 dhidi ya Al Ahly kwa bao la Meddie Kagere, 2-1 dhidi ya Vita. Ugenini walipoteza zote tatu: 5-0 Kinshasa, 5-0 Misri, 2-0 Algeria. Mabao 12 ya kufungwa, hakuna hata moja la kufunga. Walifuzu kwa pointi tisa, na nchi nzima ilisherehekea kwa haki. Lakini beki aliyefungwa matano Kinshasa alikuwa beki yuleyule aliyekuwa anamaliza mechi za ligi jezi ikiwa kavu.

Itazame mechi ya kawaida ya ligi Kwa Mkapa. Timu ya mkoani imejipanga wachezaji kumi nyuma ya mpira. Mabeki wawili wa kati wa timu kubwa wamesimama karibu na duara la kati, hakuna anayewakaribia, wanapasiana wanavyotaka. Dakika ya ishirini kipa wa wageni ameshajiangusha mara mbili kupoteza muda. Kiungo mkabaji wa mwenyeji hajakaba mtu. Anapokea mpira akiwa amesimama, anageuka, anatazama, anatafuta upenyo. Bao likiingia, wageni hawabadiliki sana, kwa sababu kufungwa moja au mbili Dar ni matokeo waliyoyapigia hesabu tangu kwenye basi. Timu kubwa inajifunza kitu kimoja kwa ustadi mkubwa: kuvunja ukuta wa watu kumi. Haijifunzi kutoa mpira golini huku washambuliaji watatu wakiwa usoni. Haijifunzi kurudi nyuma mita hamsini kwa kasi baada ya kupokonywa. Haijifunzi kukaa dakika tisini bila mpira na bado ikabaki na akili timamu. Mambo hayo kocha anaweza kuyachora ubaoni na kuyarudia kwenye viwanja vya mazoezi vya Bunju au Avic, lakini hayakai mwilini mpaka yamekuuma kwenye mechi yenye pointi tatu, mara nyingi, kwa miezi. Mchezaji wa Chiefs alikuwa akiumwa hivyo kila wiki na timu za katikati ya msimamo. Alifika FNB jioni ile timu yake ikihangaika kwenye ligi, ila mwili wake ulishazoea.

Ndiyo maana nawaheshimu sana Ihefu. Mwishoni mwa Novemba 2022 Yanga walisafiri kwenda Mbarali, kwenye uwanja wa Highland Estates, nchi ya mpunga, wakiwa hawajafungwa katika mechi 49 za ligi. Ihefu waliwafunga 2-1. Wengi walisema Yanga walichoka, au uwanja ulikuwa mbaya. Oktoba mwaka uliofuata wakarudi Mbarali wakafungwa tena 2-1. Mwezi uliofuata, Novemba 2023, Yanga waliwafunga Simba tano kwa moja kwenye dabi, na kabla msimu haujaisha walikuwa wamewalazimisha Mamelodi Sundowns suluhu nyumbani na ugenini, wakatolewa kwa penalti kule Pretoria. Sisemi kipigo cha Mbarali ndicho kilichowaandaa kwa Pretoria. Mpira hauna hesabu nyepesi hivyo. Ninachosema ni kwamba timu hiyo bora kabisa ya Yanga ilikuwa imepata jambo ambalo Yanga nyingine nyingi hazikulipata: mahali pa mbali, katikati ya msimu, ambapo jina la jezi halikumtisha mtu.

Kilichowapata Ihefu baadaye kinaonyesha ugumu wa jambo hili. Mwaka 2024 timu ilihamia Singida na kubadili jina ikawa Singida Black Stars. Kiwango hakikufa, tena kilipanda. Lakini Mbarali ilibaki bila ligi, na kijana wa Ubaruku aliyeshuhudia bingwa akipigwa mbele ya macho yake akabaki na redio. Timu zetu za katikati huishi hivi. Zinahama, zinauza nafasi, zinabadili jina, zinategemea mtu mmoja ambaye akichoka timu inashuka. Hata Mtibwa Sugar, bingwa mara mbili, walishuka daraja mwaka 2024 kabla ya kurudi mwaka mmoja baadaye. Pamba ya Mwanza ilikaa nje kwa zaidi ya miongo miwili.

Fedha zipo sasa kuliko zamani. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na shirikisho la soka, TFF, mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na benki ya NBC ikaweka jina lake kwenye ligi. Kabla ya hapo timu nyingi za mikoani zilisubiri mechi mbili tu kwa mwaka, ya Simba na ya Yanga, ili zipate mapato ya mlangoni ya kulipa madeni. Nyingine zilikuwa tayari kuhamisha mechi hizo kwenda uwanja mkubwa wa mkoa mwingine, zikauza faida ya nyumbani kwa ajili ya viti. Mgao wa televisheni umepunguza njaa hiyo, na mtu asidharau hilo. Mchezaji anayelipwa kwa wakati hakimbii dakika ya themanini akiwaza kodi ya nyumba.

Kuna mianya mitatu ambayo bado inavuja. Wa kwanza ni mikopo. Timu kubwa inamsajili kijana mwenye kipaji akiwa na miaka ishirini, haina nafasi naye, inampeleka kwa mkopo, na mara nyingi mkataba wa mkopo unamzuia kucheza dhidi ya klabu mama. Kwa hiyo siku ambayo ligi inamhitaji zaidi, siku ya kumkabili bingwa, amekaa jukwaani. Kifungu hicho kingepigwa marufuku kabisa. Mwanya wa pili ni viporo. Timu kubwa ikiwa kwenye michuano ya Afrika mechi zake za ligi zinaahirishwa, zinarundikana, na zinakuja kuchezwa wakati wapinzani wengine wameshajua wanabaki au wanashuka. Timu isiyo na cha kupigania haiwezi kumpima mtu. Wa tatu ni sehemu ya kuchezea, na hapa ndipo ningeweka shilingi ya kwanza. Huwezi kumdai mchezaji wa Tabora au Bukoba acheze pasi za haraka kwenye uwanja ambao mpira unaruka kama sungura. Atapiga mbele, kila mtu atapiga mbele, na beki wa timu kubwa ataendelea kumaliza jezi ikiwa kavu.

Dalili njema ya karibuni haitoki kileleni. Msimu wa 2025/26 timu zote nne za Tanzania zilifika hatua ya makundi: Yanga na Simba kwenye Ligi ya Mabingwa, Azam na Singida Black Stars kwenye Kombe la Shirikisho. Azam walikuwa wamejaribu kwa zaidi ya muongo bila kufika hapo. Ubingwa wa nyumbani katika misimu minne iliyotangulia ulikuwa wa Yanga peke yao, na watu walikuwa wakilalamika kwamba ligi imekufa. Lakini sasa bingwa anakutana na wachezaji wa Azam kule Chamazi waliokwisha kucheza mechi sita za makundi, kisha anasafiri kwenda kukutana na wengine Singida. Hizo ni mechi nne kwa msimu ambazo beki wake atatoka amelowa. Zikifika kumi na mbili, itabidi wenzetu wa Afrika Kusini waanze kuuliza nani anashika nafasi ya nane kwetu.